Harusi katika bustani ya kale kando ya mto, iliyochimbwa na watumwa: je, ninyi mngekwenda?

#1 Shangazi wa Makole

Mbukwenyi, wanajukwaa. Nina jambo linalonisumbua tangu Aprili, na kwa kuwa kamati ya harusi inakutana nyumbani kwangu Jumapili, naomba mawazo yenu kabla ya siku hiyo.

Mtoto wa kaka yangu anafanya kazi Charleston, katika jimbo la South Carolina, Marekani, na amepata mchumba huko huko. Nilipokwenda kumtembelea alinipeleka Middleton Place, bustani ya kale iliyo kando ya mto Ashley, kilomita zipatazo 22 kutoka mjini. Iliasisiwa mwaka 1741 na Henry Middleton, baada ya shamba hilo kumfikia kwa njia ya mke. Mbele ya mahali palipokuwa na nyumba kubwa, ardhi imechongwa ngazi za nyasi zinazoshuka kwa mkunjo laini mpaka kwenye mabwawa mawili yaliyokaa kama mbawa za kipepeo, na nyuma ya mabwawa ndipo mto unapopita. Kondoo wanalishwa kwenye uwanja wa upande wa pili kana kwamba wameajiriwa.

Nilisimama juu kabisa ya zile ngazi. Kushoto kwangu vijana wawili walikuwa wakipanga viti vyeupe kwenye nyasi kwa ajili ya harusi ya jioni. Mmoja ameshika kamba, mwingine anasogeza mguu wa kiti kimoja kimoja mpaka uiguse kamba. Nusu saa kabla ya hapo nilikuwa ndani ya nyumba ndogo ya mbao waliyokaa watu waliokombolewa, nikisoma ukutani orodha ya majina ya watumwa wa ukoo ule. Ni zaidi ya watu elfu mbili, na wengi wao wana jina moja tu, bila la baba.

Mpwa wangu akaniuliza pale pale, "Shangazi, tukifungia hapa, mtakuja?" Sikumjibu. Nilimwambia viatu vinanibana.

Kwa nini watu huchagua mahali pa namna hiyo kwa siku ya furaha? Na ninyi mngekwenda?

#2 Mtoto wa Reli

Pole kwa viatu, Shangazi. Sisi wa Dodoma tukisikia "kando ya mto" tunawaza korongo lenye mchanga mweupe, mbuzi wawili, na akina mama wanaochimba visima vya mkono mwezi wa tisa. Mimi ningekwenda hata kama harusi ni ya adui yangu, ili tu nikaone mto unaotembea wakati wa kiangazi.

Nikiacha utani, jibu ni fedha. Mwenye bustani anataka kodi.

#3 Mkaguzi Mstaafu

Namuunga mkono aliyetangulia, ila hesabu hiyo aliiacha juu juu mno.

Mashamba yale yalisimama kwa sababu kazi ilikuwa ya bure. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865 na watumwa wakawa huru, wenye mashamba walibaki na ardhi kubwa na mifuko mitupu. Hapo Middleton Place penyewe, nyumba kubwa ilichomwa moto na askari wa Kaskazini mwezi Februari mwaka huo huo, na kuta zilizosalia zikaangushwa na tetemeko la ardhi la mwaka 1886. Kilichobaki ni bawa moja la kusini, ambalo leo ni makumbusho. Jirani yao, bustani ya Magnolia ya ukoo wa Drayton, iliyoanza mwaka 1676, ilifungua milango kwa watalii wa kulipa miaka michache tu baada ya vita, na wageni walikuwa wakifika kwa meli za mvuke kupitia mto huo huo wa Ashley. Wengine kandokando ya mto walichimbisha fosfeti, madini ya kutengenezea mbolea. Kwa hiyo kuuza mandhari ni biashara yenye umri wa karibu miaka mia na hamsini pale.

Tangu mwaka 1974 Middleton Place inaendeshwa na taasisi isiyogawana faida. Bustani ile ni ekari 65 zinazohitaji kukatwa nyasi, kuzibwa mmomonyoko na kulipwa bima. Kwa macho ya mkaguzi, kila kiti cheupe alichokiona Shangazi ni sehemu ya mshahara wa fundi bustani. Ukifuta harusi, utauliza fungu litoke wapi, na nimeshuhudia katika utumishi wangu majengo ya kale mangapi yamekufa kwa kukosa jibu la swali hilo.

#4 Binti Mpwapwa

Mzee Mkaguzi, shikamoo. Maelezo yako yanatueleza kwa nini mwenye bustani anakodisha, lakini hayagusi kwa nini bibi harusi anachagua, na Shangazi aliuliza hilo la pili.

Mimi nadhani bustani ile inafanya hadi leo kazi ile ile iliyojengewa. Karne ya 18 barabara yao kuu ilikuwa mto, na mgeni alifika kwa mashua. Zile ngazi za nyasi zilichongwa upande wa majini makusudi, ili mgeni auone utajiri kabla hajamwona tajiri. Sasa bibi harusi naye anataka nini siku hiyo, kama si kuonekana akishuka taratibu huku watu wamekaa wanamtazama? Bustani na harusi ni maonyesho mawili yaliyokutana, na mpiga picha ndiye mgeni wa mashua wa siku hizi. Tazameni hapa kwetu: maarusi wanaacha wageni ukumbini saa nzima ili wakapige picha kwenye bustani ya Chinangali, kwa sababu ndipo penye majani mabichi.

Na wale wenzetu wana jambo jingine la picha: ile kuvu ya kijivu inayoning'inia kwenye matawi ya miti mikubwa kama ndevu za mzee. Mtu akisimama chini yake anaonekana yumo ndani ya hadithi.

#5 Fundi Bustani

Binti, ile si kuvu wala si mwani. Ni mmea kamili wenye maua, wa jamii moja na nanasi, unaojishikiza tu kwenye tawi na kunywa unyevu wa hewani bila kuunyonya mti. Ungeletwa Dodoma ungekauka kabla ya kufika Ihumwa.

Shangazi, naomba uniambie kama ulipita kwenye kamelia. Inasimuliwa kwamba mtaalamu wa mimea wa Mfaransa, André Michaux, aliupatia ukoo ule miche ya kamelia mwaka 1786. Kamelia ni ndugu wa damu wa chai ya Mufindi, jenasi ni moja. Tofauti ni kwamba ule mmoja tunachuma jani na ule mwingine wanatazama ua.

Kuhusu kwenda au kutokwenda, nitarudi. Nimeshika mpira wa maji na mgao umebakiza dakika kumi.

#6 Kaka Mkubwa wa Kisasa

Nasikitika kuona mnaongea maua. Mimi singekwenda, na kama ningekuwa kaka yake Shangazi ningezuia.

Hili halijaanzishwa na sisi. Mwezi Desemba 2019, baada ya kampeni ya Color of Change, shirika la kutetea haki za watu weusi huko Marekani, kampuni za mtandaoni zinazotegemewa na maarusi, Pinterest na The Knot zikiwemo, zilikubali kupunguza kuyatangaza mashamba ya watumwa kama mahali pa harusi za kimapenzi. Nyota wa filamu Ryan Reynolds, aliyeoa hapo hapo Middleton Place, alikuja kuomba radhi hadharani. Mzungu mwenye harusi yake amejuta, halafu Mgogo apande ndege kwenda kupiga vigelegele?

Jibu la swali la Shangazi ni usahaulifu wa kununua. Watu wanachagua pale kwa sababu pamesafishwa. Damu ikimwagiwa maji miaka mia na hamsini, inaota maua ya azalia.

#7 Mwalimu wa Kondoa

Kaka Mkubwa, hoja yako ina uzito, ila ukweli mmoja umeuhamisha kijiji. Reynolds na Blake Lively walifunga ndoa mwaka 2012 Boone Hall, shamba jingine lililoko Mount Pleasant, upande wa pili wa Charleston, lenye barabara ya mialoni iliyoanza kupandwa mwaka 1743 na vibanda tisa vya matofali vya watumwa mbele yake. Radhi aliiomba mwaka 2020. Tusiipake Middleton Place tope la jirani. Inalo la kwake la kutosha.

La kwake ni hili. Henry Middleton aliyeasisi bustani alikuwa rais wa Kongresi ya Kwanza ya makoloni ya Waingereza huko Marekani mwaka 1774. Mwanawe Arthur alitia saini Azimio la Uhuru wa Marekani mwaka 1776, lile linalosema binadamu wote wameumbwa sawa, kisha akarudi nyumbani kuhudumiwa na watumwa. Kitukuu wa Henry, Williams, alitia saini hati ya South Carolina kujitenga na Marekani mwaka 1860. Saini hizo mbili, ya 1776 na ya 1860, zimetoka nyumba moja, na kaburi la ukoo limo ndani ya bustani hiyo hiyo.

Nyongeza kwa Mkaguzi: mpunga mwingi ulioupatia ukoo huo fedha haukulimwa pale bustanini, bali kwenye mashamba yao mengine, hasa kando ya mto Combahee. Pale Ashley palikuwa makao, mahali pa kupokelea wageni. Mwaka 1863 Harriet Tubman, mwanamke mweusi aliyekuwa ametoroka utumwa, aliongoza askari wa Kaskazini kuupanda mto Combahee kwa meli na kuwakomboa watu zaidi ya 700 kwa usiku mmoja. Naona tunapozungumzia mto mzuri wa harusi, tusiusahau mto wa pili uliokuwa ukiulipia.

Na mwaka 1739, miaka miwili tu kabla ya bustani kuanza, watumwa wa eneo la mto Stono, karibu na hapo hapo Charleston, waliasi. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akichonga mabwawa ya kipepeo alijua vizuri sana nani wanamzunguka. Utulivu wa bustani ile ulikuwa wa kujionyesha kwa watu wenye hofu.

#8 Katibu wa Kamati

Habari za jioni. Nimekuwa katibu wa kamati za harusi kumi na mbili hapa mjini, kwa hiyo naomba tutenganishe mambo mawili ambayo lugha yetu imeshayatenganisha: ndoa na harusi. Ndoa ni kiapo, harusi ni sherehe. Kwetu kiapo kina mahali pake. Kwa Wakatoliki, kanuni ya 1118 inataka ndoa ifungwe katika kanisa la parokia, na mahali pengine ni kwa ruhusa ya askofu. Serikalini nako, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya siku 21. Baada ya hapo, pilau iliwe popote. Wenzetu wa Charleston mara nyingi wanaunganisha: kiapo na keki viko kwenye nyasi zile zile. Ndiyo maana Shangazi ameshtuka. Angeambiwa ndoa ni kanisani na bustanini ni chakula tu, nadhani viatu visingembana.

Kuhusu mito, nimekumbuka yangu. Tuliwahi kuandaa sherehe kwenye shamba la mtu karibu na Mpwapwa, ukingoni mwa korongo. Mwenye eneo, ambaye simtaji, alituhakikishia kwamba korongo hilo "halijashuka tangu mwaka juzi", na kwa hoja hiyo mpambaji akateremsha meza kuu mpaka kwenye mchanga ili picha zipendeze. Dodoma mjini jua, Mpwapwa jua, turubai zimeng'aa. Saa kumi na moja tukasikia mngurumo kama lori linalobadili gia. Mvua ilikuwa imenyesha juu milimani Kiboriani, sisi hatujaguswa na tone. Mshehereshaji akafikiri ni spika. Aliyetambua ni bibi mmoja mchunga mbuzi aliyekuja kutazama, alipaza sauti mara moja tu, "Maji!", akashika mkono wa bibi harusi na kumvuta juu akiwa na shela yake. Keki ya ngazi tano ilikwenda. Niliitazama ikielea wima kwa heshima zote mpaka ilipofika kona. Ndafu tuliiokoa, kwa sababu wanaume wanne walirudi kwa ajili yake ambao hawakurudi kwa ajili ya zawadi.

Tangu siku hiyo, fomu yangu ya ukaguzi wa ukumbi ina mstari unaouliza kuhusu mto.

#9 Mtoto wa Reli

Katibu, keki hiyo ilishuka Kinyasungwe, ikaingia Mkondoa, na kwa hesabu yangu iliiona bahari kwa njia ya Wami kabla ya maarusi kuiona fungate yao. Sisi watu wa reli tunaufahamu mto huo; umekuwa ukitubebea tuta la Gulwe na Kilosa miaka yote.

#10 Binti Mpwapwa

Ningependa ifahamike kwamba makorongo ya Mpwapwa hayana kosa. Wenyeji hawaweki meza mchangani.

#11 Shangazi wa Makole

Asanteni, nimecheka mpaka mjukuu amekuja kuangalia. Fundi, kamelia nilizikuta zimeshamaliza kuchanua, zilizokuwa juu ni azalia.

Kuna jambo sikulieleza mwanzo, na naona limewapotosha, hasa Kaka Mkubwa. Mchumba wa binti yetu ni mweusi, mzaliwa wa pale pale, na watu wake ni wale wanaoitwa Gullah, wazao wa watumwa wa mashamba ya mpunga. Wazo la bustani halikutoka kwa binti wala kwa kijana. Limetoka kwa bibi wa huyo kijana. Nilikaa naye barazani, anasuka vikapu vya nyasi kwa mkono, na mshono wake unazunguka kama wa kikapu cha bibi yangu kule Bahi, ila wake una harufu ya nyasi tamu. Anasema wazee wake walichimba udongo wa sehemu zile na hakuna aliyewahi kukaa kwenye kiti pale. Anataka akae mstari wa mbele.

Anayekataa ni kaka yangu, aliye hapa Makole na hajawahi kupafika.

#12 Mpangaji wa Nkuhungu

Hilo limebadilisha uzi mzima, Shangazi.

Mimi nimezaliwa Unguja, nimeletwa Dodoma na ajira. Kule Mkunazini kanisa kuu la Kianglikana limejengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na tuliambiwa tangu utotoni kwamba altare iko pale uliposimama mti wa kuchapia. Ndoa zinafungwa mbele ya altare hiyo mpaka leo, na sijawahi kusikia mtu akisema maarusi hao wamedharau wafu. Wageni wakitoka wanapita kando ya sanamu za watu waliofungwa minyororo zilizoko shimoni uani. Kwa hiyo mahali panaweza kubeba yote mawili.

#13 Kaka Mkubwa wa Kisasa

Nakubali kwamba sikujua habari za bibi, na kwake naondoa neno la usahaulifu. Lakini mfano wa Mkunazini haukai sawa. Pale soko lilivunjwa kwanza, kikajengwa kitu cha kulipinga, kwa nia iliyotangazwa. Bustani ya Middleton imetunzwa kama alivyoiacha bwana, mkunjo kwa mkunjo, na anayesifiwa kwa uzuri wake ni bwana. Bibi akikaa mstari wa mbele atakuwa amekaa ndani ya picha aliyoichora mtu mwingine.

#14 Mwalimu wa Kondoa

Hapo ndipo ninapotofautiana nawe. Kwetu Kolo tuna miamba yenye michoro ya kale iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Pale Mungomi wenyeji bado wanafanya matambiko, na wahifadhi wanalalamika kwamba pombe inayorushwa miambani inaharibu michoro. Hakuna mwenyeji anayedai kwamba babu yake ndiye aliyechora. Hata hivyo mahali pamekuwa pake kwa kupatumia. Mhifadhi anataka pabaki kama palivyo, na mwenyeji anataka pafanye kazi. Mvutano huo sijaona ukiisha Kondoa, na sidhani Charleston wana dawa yake.

#15 Binti Mpwapwa

Kabla hatujawasuta watu wa mbali, tukumbuke tunakaa wapi. Misafara iliyotoka Tabora na Ujiji kwenda Bagamoyo ilipita Ugogo na Mpwapwa, ikiwa na pembe na ikiwa na watumwa, na watemi wa Kigogo waliitoza hongo kwa ajili ya kupita na kunywa maji. Tunapojenga kumbi za harusi kando ya njia hiyo hatuulizi kilichopita pale.

#16 Mwalimu wa Kondoa

Ni kweli, ila tusizidishe chumvi. Wapagazi wengi wa misafara hiyo, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliolipwa ujira. Hatuwezi kusema kila nyayo ilikuwa ya mtumwa. Hongo nayo ilikuwa ushuru wa maji katika nchi kavu. Lakini waliofungwa walipita, na maji yetu waliyanywa. Utumwa kisheria ulikomeshwa Tanganyika mwaka 1922 tu.

#17 Fundi Bustani

Nimerudi, maji yamekatika.

Nataka kuzungumzia udongo, kwa kuwa ninyi nyote mmeongelea majina. Inasimuliwa kwamba bustani ile iliwachukua watumwa 100 miaka 10. Sijui nani alihesabu, lakini namba hiyo hainishangazi. Mwaka juzi nilipewa kazi ya kuchonga ngazi tatu za nyasi kwenye mteremko wa nyumba moja Mlimwa. Tulikuwa vijana sita, na majembe, sururu, toroli mbili na kipimo cha maji cha bomba la plastiki. Kuchimba si tatizo. Tatizo ni ukingo. Ukiutaka ushuke kwa mkunjo, kama alivyoeleza Shangazi, lazima ushindilie udongo kwa tabaka, unyeshee, usubiri, ushindilie tena, kisha upige nyasi kabla mvua haijaukata. Ukingo mmoja wa mita kumi na tano ulituchukua siku tisa, na mvua ya kwanza ya Desemba ikaubomoa pembeni. Tukaanza upya kwa gharama yangu.

Kwa hiyo Kaka Mkubwa anaposema mchoro ule ni wa bwana, mimi kama fundi nabisha. Bwana alichora mstari kwenye karatasi. Mkunjo wa udongo haukai kwenye karatasi, unakaa kwenye mkono wa anayeshindilia, na yule ndiye aliyejua uongeze maji lini na uache lini. Na kama wale watu walitoka nchi za mpunga za Afrika Magharibi, walikuwa wakijenga matuta ya kuzuia maji kabla ya kupandishwa melini.

#18 Mkaguzi Mstaafu

Fundi umesema vyema, ila wazee wa Uluguru walioyakataa matuta ya mkoloni mwaka 1955 wangekuuliza kama ufundi wa lazima ni wa kujivunia. Hata sisi tulioona mradi wa HADO, ule wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ukiondoa mifugo Kondoa mwaka 1979 tunajua kwamba mlima unaweza kupendeza na watu wake wakabaki na kinyongo.

#19 Fundi Bustani

Kinyongo na ufundi vinaweza kukaa kwenye mkono mmoja, Mzee. Mimi tajiri wa Mlimwa hajanimalizia malipo yangu hadi leo, na nikipita pale bado nasimama kuzitazama ngazi zangu.

#20 Katibu wa Kamati

Turudi kwenye Jumapili. Shangazi, pendekezo la kiutendaji: ndoa ifungwe kanisani kwa bibi, asubuhi, wageni wote, wa pande zote mbili, wapitishwe kwanza kwenye ile nyumba ya majina, kisha chakula bustanini. Na muulize mto wao unajaa saa ngapi.

#21 Mpangaji wa Nkuhungu

Katibu, sehemu ile ya Ashley hupanda na kushuka na bahari kila siku, kama mkondo wa mikoko. Wao wanaijua ratiba yake kuliko mwenye lile korongo lako.

#22 Kaka Mkubwa wa Kisasa

Pendekezo la Katibu ni la heshima, ila lina hatari yake: majina ya wafu yatageuka kipengele cha ratiba kati ya picha na chakula. Mimi bado singekwenda. Mchango wa ndege ya kaka yake Shangazi, hata hivyo, nitatoa, ili akapaone kwa macho kabla ya kupakataa.

#23 Mtoto wa Reli

Mimi natoa wa mtu wa kumbeba ndafu. Je, moto wa kuni unaruhusiwa karibu na mialoni hiyo?

#24 Shangazi wa Makole

Nimemwonyesha kaka uzi huu wote. Alisoma akiwa amesimama, alipofika kwenye post ya Fundi akavuta kiti. Akauliza jambo moja tu: hao waliokuwa kwenye orodha yenye jina moja moja, je, kuna aliyeitwa kwa jina la huku kwetu? Nilimwambia wa kule walitokea zaidi Magharibi, si pwani yetu, na hata hivyo sikulisoma kila jina. Miguu ilikuwa imechoka.

Nimempigia binti nikamwomba aende akasome yote, kuanzia la kwanza, na anipigie. Huku ni saa nne usiku, kwao bado ni alasiri, na ameniambia wanafunga saa kumi na moja. Kuhusu moto wa kuni ataulizia akiwa huko huko.